Miezi saba profoma zetu zilikuwa zinaishia spamu

Novemba 2023, Jumatano mchana, mnunuzi wetu wa Hamburg alinipigia simu kwa WhatsApp. Si kawaida yake. Miaka mitatu tuliyofanya naye biashara mambo yote yalikwenda kwa barua pepe, naye ni mtu wa maneno machache. Aliniuliza kwa upole kama bado tunauza viungo au tumefunga. Nikamjibu kwamba tunauza, tena profoma, yaani ankara ya awali, ya kilo 600 za pilipili manga nilimtumia siku kumi na mbili nyuma, na nimeshamkumbusha mara mbili. Akaniomba nisubiri. Nikawa nasikia anabonyezabonyeza kompyuta. Halafu akasema, "Zipo. Zote tatu zipo kwenye spamu, kwenye folda ya barua taka." Mzigo alikuwa ameshauchukua kwa mtu mwingine wiki iliyotangulia.

Simu ile ilinikuta godauni kwetu Ngamiani, Tanga, na magunia ya pilipili yenyewe yamepangwa mbele yangu. Thamani yake ilipita shilingi milioni sita. Wakulima wa Amani tulikuwa tumewalipa nusu, na nusu ya pili huwa wanaipata mteja akilipa. Ndivyo tulivyokubaliana nao tangu tuanze. Ilibidi niende Muheza, kutoka hapo nipande mlimani, nikawaeleze watu walioianika ile pilipili kwa mikono yao kwamba pesa haijaja kwa sababu barua haikuonekana. Mama mmoja aliniuliza, "Barua imepoteaje, mwanangu, na wewe umesema huwa unaituma kwa mtandao?" Sikuwa na la kumjibu. Miezi iliyofuata niliitumia kulitafutia jibu swali lake, na nilifanya makosa ya ghali njiani. Nayaandika hapa kwa ajili ya wenzangu wanaouza kwa barua pepe, wawe wa nyumba za wageni, wa kazi za mkonge au wa viungo kama sisi, wasiyarudie.

Mjomba wangu, ambaye ndiye mshirika wangu na mshika daftari, alikuwa karani bandarini hapa Tanga kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilipomweleza yaliyotokea aliuliza jambo moja tu: "Huko inakokwenda, nani anaipokea getini?" Nilimwambia hakuna geti, ukibonyeza kutuma imekwenda. Akatikisa kichwa. "Mzigo hauna njia isiyo na geti, mwanangu." Nilidhani anazungumzia mambo ya zamani. Ningemsikiliza siku ile, ningeokoa miezi minne.

Nilichofanya mimi ni kuhangaika na maneno. Nilidhani barua zetu zinachukuliwa kuwa taka kwa sababu hazina mvuto. Desemba nikamlipa kijana wa matangazo shilingi 200,000 anitengenezee barua ya kisasa. Akatengeneza kweli: picha moja kubwa yenye maneno yote ndani yake, nembo juu, na kiungo kilichofupishwa cha kupakua katalogi. Ilipendeza machoni. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba barua ambayo yote ni picha, haina maandishi ya kusomeka na seva, yaani kompyuta inayopokea barua, na kiungo chake kimeficha kinakokwenda, hiyo ndiyo sura ya barua za matapeli. Nililipa laki mbili ili nifanane nao.

Januari nikafanya kosa kubwa kuliko yote, na hili nalisema waziwazi ingawa bado linanitia aibu. Mtu mmoja wa Dar es Salaam aliniuzia orodha ya anwani 3,200 za wanunuzi wa viungo Ulaya na Uarabuni kwa shilingi 150,000. Hesabu yangu ilikuwa kwamba hata wakijibu watu kumi, hasara ya Hamburg itafidiwa. Nikazituma zote usiku mmoja, kutoka anwani ile ile ninayotumia kwa profoma. Asubuhi nilikuta barua zaidi ya mia tisa zimerudi: anwani hazipo, sanduku limejaa, umekataliwa. Kampuni iliyokuwa ikitunza tovuti yetu ikatufungia kutuma barua kwa siku mbili. Waliojibu walikuwa wanne. Watatu waliniomba niwaondoe. Wa nne, Mjerumani, aliniandikia kwa ukali akitaka nimweleze anwani yake nimeipata wapi na kwa idhini ya nani.

Alikuwa na haki. Ulaya wana sheria yao ya kulinda taarifa za watu, GDPR, inayotumika tangu Mei 2018, na sisi wenyewe tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata ukiiacha sheria, fikiria namna barua inavyohesabiwa huko inakofika. Kila mtu anayebonyeza "hii ni taka" anakuandikia alama mbaya kwenye jina lako. Kila anwani isiyokuwepo inaonyesha kwamba huwajui unaowaandikia. Na orodha za kuuzwa mara nyingi huwa na anwani za mtego, ambazo hazina mwenyewe na zimewekwa makusudi ili kunasa watumaji wanaookota anwani. Mimi nilitumbukia humo kwa usiku mmoja na jina la biashara tuliyoijenga miaka sita. Kama kuna mtu anakushawishi ununue orodha, kataa, hata akikupa bure.

Februari mambo yakawa mabaya zaidi. Mpaka hapo barua zilikuwa zikifika spamu. Sasa nyingine zikawa zinarudishwa kabisa, hasa za wateja wenye Gmail. Zilirudi na maelezo marefu yenye namba 550 5.7.26. Nilikuwa nazifuta. Zilinikera, na nilidhani ni hitilafu ya mtandao tu. Tafadhali usizifute. Zile barua za kurudishwa ndizo zinazokueleza ugonjwa kwa jina lake. Namba ikianza na 4, maana yake seva ya upande wa pili inasema subiri kwanza, na seva yako itajaribu tena yenyewe. Ikianza na 5, umekataliwa moja kwa moja. Na ile 5.7.26 ya Gmail ilikuwa inasema jambo la wazi kabisa: aliyetuma barua hii hajathibitishwa kuwa ni nani.

Kumbe Oktoba 2023 Google na Yahoo walikuwa wametangaza masharti mapya, na yakaanza kutumika Februari 2024. Wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail wamewekewa masharti mengi, lakini hata sisi wadogo tunatakiwa tuwe na uthibitisho wa angalau aina moja. Mimi sikuwa na hata mmoja. Miaka yote ile nilikuwa napita getini bila karatasi, na mlinzi ananiachia tu. Sasa amri ilikuwa imebadilika.

Machi nikampata kijana wa Chumbageni anayefunga mitandao ya maofisi. Aliponiambia bei yake, shilingi 250,000, nilisita, maana pesa ilikuwa imeshaniishia kwenye upumbavu mwingine. Akaniambia, "Dada, nitumie barua moja sasa hivi, tutazame kabla hujalipa." Nikamtumia kwenye Gmail yake. Akabonyeza vidoti vitatu pembeni ya barua, akaomba kuonyeshwa barua ya asili. Ikafunguka karatasi ya vipimo, na juu yake kuna mistari mitatu: SPF, DKIM, DMARC. Wa kwanza ulisema imeshindwa. Miwili iliyobaki haikuwa na kitu. Kipimo hiki ni cha bure na kinachukua dakika moja. Ukitaka kuanza mahali, anzia hapo, ujitumie barua mwenyewe kwenye Gmail na usome ile mistari mitatu.

Kijana alijitahidi kunieleza lakini sikumwelewa. Aliyenielewesha ni Mjomba, aliyekuwa amekaa pembeni na kahawa yake akisikiliza. Kwanza fundi alisema utaratibu wa kupeleka barua pepe, unaoitwa SMTP, uliandikwa mwaka 1982, watumiaji wakiwa wachache na wanaaminiana, na haukuwekewa njia ya kuhakiki jina la mtumaji. Mtu yeyote anaweza kuandika jina lako kwenye sehemu ya "kutoka kwa". Mjomba akasema, "Basi ni kama bandari isiyouliza karatasi." Kisha akaanza kupanga moja moja kwa lugha yake.

SPF, akasema, ni ile orodha ya mawakala inayobandikwa getini: mwenye mali ameandika, hawa tu ndio wenye ruhusa ya kuleta mzigo kwa jina langu. Kwenye barua pepe orodha hiyo unaiandika ndani ya rekodi za DNS, yaani hapo kikoa chako, jina lako la mtandaoni, kinapoelekezwa, na inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Seva ya mpokeaji inaisoma kabla ya kufungua mlango. DKIM ni lakiri ya kontena. Barua inapotoka kwako inapigwa saini kwa ufunguo wa siri. Ufunguo wa kuikagua umeuacha hadharani kwenye DNS. Ikifika na lakiri nzima, mpokeaji anajua imetoka kwako na haikuguswa njiani. DMARC ni barua ya mwenye mali kwa mlinzi: anayekuja kwa jina langu, na orodha haimtambui wala lakiri hana, mfanye hivi, na kila siku niletee taarifa ya waliopita.

Fundi alimtazama Mjomba kwa heshima mpya kabisa.

Aprili tukaanza kazi, na hapa ndipo penye mambo madogo yanayowapoteza watu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tulipofungua rekodi za DNS tulikuta tayari kuna SPF, iliyowekwa na kampuni ya tovuti bila sisi kujua. Tatizo ni kwamba tulikuwa tunatuma kutoka sehemu tatu: seva ya tovuti, programu ya kutengenezea ankara, na huduma ya kutuma barua za bei za kila mwezi. Orodha ilitaja moja tu. Mimi, kwa haraka zangu, kabla fundi hajaja siku ya pili, nilisoma maelekezo ya ile programu ya ankara nikaongeza rekodi nyingine ya SPF chini ya ile ya kwanza. Nilijiona nimemrahisishia kazi. Kumbe kikoa kinatakiwa kiwe na rekodi moja tu inayoanza na v=spf1. Zikiwa mbili, mpokeaji anazihesabu zote kuwa zimeharibika, na kwa siku mbili hata barua zilizokuwa zinapita hazikupita. Wote unaotaka kuwaruhusu waingize kwenye mstari mmoja. Na usijaze majina ovyo: ukaguzi wa SPF unaruhusu kutafuta kwenye DNS mara kumi tu, ukizidisha unafeli.

DKIM nayo ilitusumbua siku nzima. Ufunguo wa biti 2048, ambao ndio unaopendekezwa, ni mrefu, na rekodi ya DNS inapokea vipande vya herufi 255 kila kimoja. Ule ukurasa wa kampuni yetu ya tovuti uliukata ufunguo katikati bila kutoa onyo lolote. Kila tukipima, saini inafeli. Fundi aliangalia herufi kwa herufi mpaka akaona mwisho haupo. Akaugawa vipande viwili ndani ya alama za kunukuu, ikakubali. Kama DKIM yako imewekwa lakini kipimo kinasema imefeli, hesabu herufi kabla hujalaumu kitu kingine.

Halafu kuna kusubiri. Mabadiliko ya DNS hayaonekani papo hapo kila mahali, kwa sababu seva nyingine zimehifadhi jibu la zamani kwa muda uliopangwa, saa moja au hata siku nzima. Nilikuwa nabadilisha, napima baada ya dakika tano, naona bado, nabadilisha tena. Nilikuwa navuruga kilichokuwa kimeshakaa sawa. Badilisha jambo moja, kaandike kwenye daftari saa uliyobadilisha, uende ukafanye kazi nyingine.

DMARC tukaiweka kwa hatua ya kwanza, p=none, inayomwambia mlinzi asizuie kitu ila alete taarifa. Nilitaka tuweke ile ya kukataa kabisa mara moja, kwa hasira. Fundi akanikatalia: "Dada, ukiwa hujajua nani anatuma kwa jina lako, unaweza ukajizuia mwenyewe." Alikuwa sahihi. Taarifa zilianza kuja kesho yake, mafaili ya XML yasiyosomeka kwa macho; zipo huduma za bure za kuyageuza kuwa jedwali. Wiki ya kwanza tu tulikuta mambo mawili.

La kwanza lilikuwa letu wenyewe. Fomu ya maulizo kwenye tovuti ilikuwa inatuletea ujumbe kwa kuandika anwani ya mteja kama mtumaji. Yaani seva yetu ilikuwa inajifanya ni mteja wa Gmail au wa Yahoo. Kwa miezi, maulizo ya watu waliotaka kununua yalikuwa yanakataliwa kabla hatujayaona. Ukiwa na fomu kama hiyo, mtumaji awe anwani ya kikoa chako mwenyewe, na anwani ya mteja ikae sehemu ya kujibiwa. Sijui ni wateja wangapi walituandikia wakaona hatujibu, na hilo linaniuma mpaka leo.

La pili lilinitetemesha. Kulikuwa na seva ya mbali, tusiyoijua, inayotuma barua kwa jina letu kamili. Chache, lakini zinatoka kila wiki. Nikawapigia wateja wote wakubwa. Wa Muscat akanipelekea barua aliyoipata: jina letu, nembo yetu, inasema tumebadilisha akaunti ya benki na malipo yaende kwingine. Hakulipa kwa sababu Kiingereza cha barua ile hakikufanana na changu. Hii ndiyo sababu nasema mambo haya si ya mafundi peke yao. Kikoa kisicho na DMARC ni muhuri wa ofisi ulioachwa juu ya meza mlango wazi.

Baada ya wiki tano, tulipohakikisha barua zetu zote halali zinapita, tukapanda kwenye p=quarantine, zinazofeli ziende spamu; mwezi mmoja baadaye p=reject, zikataliwe. Zile za mtu wa mbali zikakoma kufika. Ila ujue mpaka wake: DMARC inalinda jina lako lenyewe, haimzuii mtu kusajili jina linalofanana na lako kwa tofauti ya herufi moja. Kwa hiyo tumekubaliana na wateja kwamba hatubadilishi akaunti kwa barua pepe. Likitokea, nitapiga simu kwa namba wanayoijua, na wao wanipigie kuhakikisha.

Nilidhani hapo tumemaliza. Vipimo vyote vitatu vilikuwa vinasema imepita, lakini profoma bado zilikuwa zinaingia spamu kwa nusu ya wateja. Nilikata tamaa siku hiyo, nalisema kweli, nikarudi nyumbani mapema. Fundi alinieleza kwamba karatasi zinathibitisha wewe ni nani. Hazisemi kama wewe ni mtu mwema. Ile kazi ya Januari ilikuwa bado inatulipa.

Kulikuwa na pande mbili. Kwanza anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha seva mtandaoni. Tulikuwa kwenye seva moja na tovuti nyingi za watu wengine, na tulipoitafuta kwenye orodha za Spamhaus, shirika linaloorodhesha seva zinazotuma taka, tuliikuta imeandikwa. Labda kwa ajili yetu, labda kwa ajili ya jirani. Ukikaa nyumba ya kupanga, moshi wa jirani unakufikia. Kuomba kuondolewa huko ni bure, na anayekuambia atakutoa kwa malipo anakuibia. Lakini tukitolewa na jirani akarudia, tungerudi kule kule. Tukahamisha barua zote kwenda kwenye huduma ya barua pepe ya kulipia, inayotutoka kama shilingi 18,000 kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Tuko watatu. Tovuti tukaiacha palepale. Nilikuwa naiona gharama hiyo kubwa kwa miaka, na nilikuwa nimekosea hesabu.

Upande wa pili ni jina letu lenyewe, na hilo halihamishwi. Wapo walionishauri ninunue kikoa kipya nianze upya. Nilikataa. Jina jipya halina historia yoyote, na mlinzi humtilia shaka mgeni pia. Tena jina letu liko kwenye magunia, kwenye vibandiko, kwenye kadi, na wakulima wanalijua. Tukaamua kulisafisha.

Orodha yangu nzima, pamoja na uchafu ule wa Januari, ilikuwa na anwani karibu 3,900. Nilikaa na Mjomba jioni tatu tukiwa na daftari lake la mauzo, tukaacha tu wale ambao waliwahi kununua, kuuliza bei, au kutupa anwani kwa mkono wao. Wakabaki 214. Kufuta zile nyingine kulinipa uchungu kama kumwaga mzigo baharini, lakini hazikuwa mali. Kisha nikaanza kutuma kidogo kidogo: wiki ya kwanza wateja kumi, wale wanaojibu siku zote. Kila mmoja nilimpelekea ujumbe wa WhatsApp kwanza, nikimwomba aitafute barua, akiikuta spamu aitoe aseme si taka, ahifadhi anwani yetu, na anijibu hata kwa neno moja. Majibu ya watu ndiyo dawa yenye nguvu kuliko zote nilizojaribu. Wiki ya pili ishirini, ya tatu arobaini. Barua za bei za kila mwezi tukazihamishia kwenye kikoa kidogo ndani ya kikoa chetu, ili zikipata doa zisiichafue anwani ya profoma, na kila moja ina kiungo cha kujiondoa kinachofanya kazi kwa kubonyeza mara moja. Google wanataka malalamiko ya spamu yabaki chini ya asilimia 0.1 na yasifike asilimia 0.3 kabisa. Kwa orodha ya watu 214, mmoja tu akibonyeza taka umeshavuka mpaka. Mtu anayetaka kutoka, mfungulie mlango atoke salama.

Kuhusu barua yenyewe, tuliacha ile picha kubwa tukarudi kwenye maandishi ya kawaida, kichwa cha barua kinachotaja kilichomo, kama "Profoma: iliki kilo 150", na kiungo kinachoonyesha anwani kamili. Vyeti vya afya ya mimea nilikuwa navipiga picha kwa simu na kuvituma vyote, barua inafika megabaiti 14. Sasa navipunguza kuwa PDF ndogo. Yote hayo yalisaidia, ila kwa kipimo changu yalisaidia robo ya kazi. Anayekuambia kwamba siri ni kuepuka maneno kama "bure" na "ofa" hajakusaidia.

Ukiwa mdogo kama sisi, usishangae ukijisajili kwenye Postmaster Tools ya Google ukaona kurasa tupu. Haionyeshi takwimu za anayetuma barua chache. Sisi kipimo chetu ni anwani tano za majaribio, Gmail mbili, Yahoo, Outlook na moja ya ofisi ya rafiki. Kila Jumatatu asubuhi napeleka barua moja kwa zote naangalia imekaa wapi.

Mwisho wa Mei 2024 anwani nne kati ya zile tano za majaribio zilikuwa zinaipata inboksi. Juni zote. Ukiiacha ile ada ya kila mwezi ya barua pepe, gharama nilizotoa mfukoni zilikuwa shilingi laki sita kwa ujumla, na laki tatu na nusu za mwanzo zilikuwa za kujiumiza. Pilipili ile tuliiuza hapahapa Tanga na Dar es Salaam kwa bei ya chini, polepole, na nusu ya pili ya wakulima tuliikamilisha mwezi wa Machi kwa kukopa. Yule mama wa Amani nilimweleza habari za geti na karatasi. Alisema hilo analielewa, maana hata yeye gunia lisilo na alama halipokei.

Mnunuzi wa Hamburg bado hajarudi kwa pilipili manga. Ana mtu mwingine sasa, na simlaumu. Julai aliomba bei ya iliki kilo 150. Profoma niliituma saa tatu asubuhi na kabla ya adhuhuri jibu lilikuwa limefika. Mjomba akafungua daftari lake, ambalo tangu Aprili amelichorea safu mpya pembeni ya ile ya "imetumwa". Juu yake ameandika "imepokelewa", na haijazi mpaka nimwonyeshe jibu la mteja kwa macho yake. Akavaa miwani, akasoma jibu mpaka mwisho, akaandika tarehe.